Herufi Nyuma ya Jina la Mama

Siku baba mkubwa alipokuja na kikasha cha wino, mama alikuwa akikamua. Alikuja kwa pikapu nyeupe ya mtu mwingine, na huyo mtu akabaki ndani ya gari, dirisha wazi, akiangalia malisho yetu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Kitengela, wakati kila ukiamka unakuta waya mpya umekatiza mahali pundamilia walipopita jana. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani nikingojea kujua maisha yatanipeleka wapi. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Lazima nieleze habari ya ardhi yenyewe, ndiyo mambo mengine yaeleweke. Ranchi ya kikundi, ardhi ya jamii nzima, ilipogawanywa, baba na kaka yake walipata kipande kimoja, kikaandikwa majina yao wawili. Baba alipokufa, mama alikwenda mahakamani Kajiado, akabonyeza kidole kwenye makaratasi, na jina lake likaingia mahali palipokuwa na la baba. Kwa hiyo hakuna hata hatua moja ya ardhi ile ambayo ingeweza kuuzwa mpaka wote wawili, baba mkubwa na mama, wakubali mbele ya bodi ya ardhi ya wilaya.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu hadithi kama hizi huwa na mjomba au ami mwenye pembe. Huyu aliuza fahali wake mzuri baba alipolazwa, na hakuwahi kututajia. Lakini alikuwa amechoka na Kitengela. Alikuwa ametembelea Illasit, karibu na Loitokitok, akaona maji yakishuka kutoka mlimani kwenye mifereji, watu wakilima nyanya na vitunguu hata wakati wa kiangazi, na tangu hapo hakuwa na habari nyingine.

"Weka kidole hapa," alimwambia mama, akiwa ameinama na karatasi juu ya goti.

"Karatasi inasema nini, shemeji?"

"Inasema tumekubaliana."

"Tumekubaliana nini?"

"Si nilikuambia? Tunauza, tunahama. Huku tutakula vumbi la saruji mpaka lini?"

Mama hakuinuka. Aliangalia kidole chake gumba, kilikuwa na povu la maziwa, akakipangusa kwenye shuka polepole. Nilimjua. Mama akifanya kitu polepole hivyo, moyoni anakimbia.

"Mtu akiwa mgonjwa, unaweza kushika kidole chake ukakibonyeza," alisema. "Akilala pia. Akifa pia. Kidole hakijui kukataa. Mimi nitaandika kwa kalamu, nikishajisomea."

Baba mkubwa alicheka, lakini alijua mama alikuwa anasema nini. Sote tulijua. Dada yake mama, aliyeolewa upande wa Isinya, alishikwa kidole akiwa na homa, na alipopata nafuu shamba lilikuwa na mwenyewe mwingine.

"Na utasoma lini wewe, na umeshazeeka?"

"Nipe mpaka mvua ipite."

Alisimama pale akipiga kikasha cha wino kwenye kiganja. Kisha akaenda kwenye gari, akazungumza na yule mtu dirishani, akarudi. "Mvua moja," alisema. "Bodi inakaa kila mwezi, haikimbii. Lakini mvua moja tu."

Darasa la ngumbaru lilikuwa ndani ya kanisa la mabati, karibu na barabara kubwa, alasiri baada ya kazi za nyumbani. Mwalimu alikuwa mzee wa Kikamba kutoka upande wa Machakos, amestaafu, anavaa tai hata kama jua linachoma mabati mpaka yanalia. Ujanani alikuwa amesomea upadre, akaacha kwa sababu alipenda msichana. Hilo alilisema mwenyewe siku ya kwanza, bila aibu, ili wanawake wasipoteze muda kulinong'ona. Wanafunzi karibu wote walikuwa akina mama: Wamaasai kama sisi, Wakamba ambao waume zao walifanya kazi kwenye viwanda vya Athi River, na mama mmoja Msomali mwenye duka la vitambaa, ambaye aliweza kusoma Kiarabu vizuri sana lakini mkono wake ulitaka kuanza kila mstari kutoka kulia.

Mimi nilikuwa nampeleka mama kwa sababu matope meusi ya msimu ule yalikuwa yanavua watu viatu, na alihitaji wa kumshika. Nikakaa, nikawa namsaidia mwalimu kugawa chaki.

Mama alishika kalamu kama anavyoshika sindano ya shanga, karibu kabisa na ncha, na alibonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Wiki za kwanza alitoka kila siku amekasirika. Kisha usiku mmoja baada ya chakula alichukua shanga zake, akaniambia niandike herufi chini kwa mkaa, na akazishona moja moja juu ya kipande cha ngozi: nyeupe kwa irabu, nyekundu kwa zilizobaki. Alipomaliza aliweza kuzisoma kwa vidole hata akiwa amefumba macho. Kuanzia hapo hakuna aliyemkamata. Alisoma maneno kwenye magunia ya sukari, kwenye milango ya maduka, kwenye ukuta wa zahanati. Akisoma neno zima, alinitazama kwanza mimi, kama mtu anayegonga mlango akingoja kuambiwa karibu.

Halafu ikaja siku ya sahihi.

Mwalimu alisema kila mtu sasa achague atakavyotia sahihi yake, na asiibadilishe tena maisha yake yote. Wengine walianza mara moja. Mama alikaa tu na kalamu.

"Mama, kuna shida?" mwalimu akamwuliza.

"Jina, mwalimu. Niandike lipi?"

"Jina lako."

"Kwenye kitambulisho niko na majina matatu. Moja langu. Moja la baba yangu, alikufa. Moja la mume wangu, naye alikufa. Na nyumbani hakuna anayeniita hata moja kati ya hayo. Naitwa mama wa huyu." Akanionyesha kwa kalamu. "Sasa sahihi ni ya nani?"

Jirani yake kwenye benchi, mama mmoja wa Kikamba ambaye alikuwa rafiki yake mkubwa darasani, akaacha kuandika. "Hata mimi nilikuwa naogopa kuuliza hivyo," alisema.

Macho ya mwalimu yalikuwa yametua kifuani kwa mama. Mama alivaa mkufu aliorithi kwa nyanya yake, na kati ya shanga kulikuwa na senti za kikoloni, zile zenye tundu katikati, ambazo wanawake wa zamani walizipenda kwa sababu uzi ulipita bila kutoboa. Mwalimu aliomba ruhusa kuziona. Mama akavua mkufu, akampa.

Aliusogeza karibu na dirisha, akapindua senti moja, akapindua nyingine, na nikaona uso wake umebadilika, amekuwa kijana.

"Hii ni Kilatini," alisema. "Sikutegemea nitakisoma tena, na si kwenye shingo ya mtu wa Kitengela. Njoni muone."

Tulimzunguka. Ukingoni mwa senti mlikuwa na jina la mfalme wa Uingereza wa wakati ule, na baada yake neno REX.

"Rex ni mfalme," mwalimu akasema. "Sasa sikilizeni, kwa sababu mama ameuliza swali ambalo wafalme nao walilijibu. Mfalme akitia sahihi, haandiki jina la baba yake, wala la ukoo. Anaandika jina lake moja, halafu anaweka herufi moja: R. Rex. Maana yake, mimi fulani, ambaye kazi yangu ni ufalme. Basi. Hakuna kingine."

"Na yule malkia aliyeko sasa?" aliuliza mama Mkamba.

"Naye vile vile. Jina lake moja, halafu R. Kwa mwanamke inasomwa Regina."

Mama Mkamba akapiga makofi. "Regina! Hilo ni jina la ubatizo la shangazi yangu! Ameitwa malkia miaka yote na bado anabeba kuni!"

Kanisa zima lilicheka, hata yule mama wa duka ambaye hakuwa Mkristo. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso.

"Mwalimu. Huyo malkia, hana mume?"

"Yuko naye."

"Na jina la mume haliandiki?"

"Haliandiki."

"Wala la baba yake, aliyemwachia kiti?"

"Wala hilo. Jina lake, na kazi yake."

Wanawake walitoa ile sauti ya kooni ambayo haiwezi kuandikwa, sauti ya kupokea habari kubwa. Mwalimu alikuwa bado na mkufu mkononi, na nafikiri alikuwa amejisahau kidogo, kwa sababu aliendelea kusema kama mtu anayezungumza na wanafunzi wa seminari.

"Tazameni tena. Hii senti nyingine ni ya mfalme yule yule, lakini imetangulia kidogo. Hii ya zamani, baada ya Rex, imeandikwa ET IND IMP. Maana yake, na Kaisari wa India. Siku hizo hata sahihi yake ilikuwa na herufi mbili, R na I. I ni Imperator, mkubwa juu ya wafalme wengine. Lakini hii mpya haina maneno hayo. Mnaona? Limebaki jina na Rex tu."

"Yalifutika?" mama aliuliza.

"Hayakufutika. India ilijitawala. Wahindi walichukua nchi yao, na mfalme akalazimika kuacha ile I. Kuanzia hapo akawa anaandika R peke yake."

"Kwa hiyo wanaweza kukunyang'anya herufi."

"Ukiwa umeandika kitu cha watu, ndiyo."

Mama alinyoosha mkono, akachukua mkufu wake, akauvaa. Karatasi yake alirudi nayo nyumbani ikiwa nyeupe.

Nilifurahi kuliko yeye, nadhani. Njia nzima nilikuwa nasema. Nilikuwa na miaka ya kujiona ninajua kila kitu, na nilikuwa nimeshamchagulia: jina lake, kisha R yenye mkia. Nilimwambia hivyo tukivuka korongo.

"Kwani mimi natawala nani?" alisema. "Hata hawa mbuzi hawanisikii."

"Basi weka M. Mahakama ilikuandika mjane."

Alisimama katikati ya matope. "Mjane ni kitu kilichonipata," alisema. "Si kazi ninayofanya."

Jioni alikaa nje ya nyumba na kijiti, akachora ardhini. Nilimwona akiandika jina lake la kwanza, lile ambalo wasichana wenzake walimwitia wakichota maji, ambalo sikuwahi kumsikia mtu akilitamka kwa sauti ya kawaida. Baada yake aliandika Y. Akaifuta, akaiandika tena, mkia wake mrefu zaidi, umepinda kama kamba ya ndama.

"Y ni nini?" nilimwuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Wewe unaniita nani?"

"Yeyo."

Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa. Aliendelea kuichora ile Y, moja kando ya nyingine.

"Mfalme aliandika nchi ya wenyewe, wenyewe wakaja wakaichukua," alisema. "Mimi nikiandika ardhi, inaweza kwenda. Nikiandika ng'ombe, ukame unajua njia ya hapa. Lakini hii nani ataichukua? Nilizaa. Hata yule niliyemzika, bado mimi ni yeyo wake."

Ndugu yangu wa kwanza alikufa kabla sijazaliwa. Katika maisha yangu yote mama alikuwa hajawahi kumtaja mbele yangu. Nikachukua kijiti kingine na mimi nikachora Y, na yangu ikawa mbaya, na akanicheka.

Mvua ilipita. Baba mkubwa alituma neno kwamba bodi itakaa, na sisi tukaenda Kajiado kwa gari la mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akienda mnadani, mama mbele, mimi nyuma na kondoo. Mama alikuwa amevaa shuka mpya na shanga zake zote, na mikononi alikuwa na bahasha ya kaki ambayo hakuniruhusu kuishika.

Ofisi ya wilaya ilikuwa imejaa. Watu walikaa kwenye mabenchi ya mbao nje, kwenye majani, juu ya mawe yaliyopakwa chokaa. Wengi walikuwa wanaume waliokuja kuuza na wanaume waliokuja kununua, na hapa na pale mwanamke amekaa kando ya mumewe, akiangalia chini. Baba mkubwa alikuwa amevaa koti. Alimsalimia mama kwa Kimaa, kwa heshima, "Takwenya," naye mama akamjibu, "Iko." Yule mtu wa pikapu alikuwa amesimama nyuma yake.

Tulipoitwa, tulikuta meza ndefu. Katikati alikaa mwenyekiti, afisa kijana kutoka sehemu nyingine ya nchi, na pande zote mbili wazee wa bodi. Karani alisoma namba ya shamba, akasoma majina, akamtazama mama tangu shanga mpaka viatu, na bila kuuliza chochote akasukuma kikasha cha wino mbele yake.

"Kidole hapa, mama."

"Kalamu," mama alisema.

Karani hakusikia vizuri. "Kidole tu, mama, usijali."

"Nimesema nipewe kalamu. Na nipewe karatasi nisome."

Mwenyekiti akainua macho. Alichukua karatasi mwenyewe, akampa. Hapo niliona kutoka mahali niliposimama kwamba ilikuwa ya Kiingereza, na mwalimu hakuwa amewafundisha Kiingereza. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye mstari, akapata jina lake, akalisoma kwa sauti. Akapata la baba mkubwa, akalisoma. Akapata namba ya shamba, akaisoma tarakimu kwa tarakimu. Kisha akairudisha mezani.

"Majina ni yetu na shamba ni letu," alisema. "Maneno mengine si lugha niliyosoma. Naomba mwenyekiti anisomee kwa Kiswahili, nami nitasikiliza."

Nilijua mtu aliyemaliza kidato cha nne, yaani mimi, angejifanya ameielewa.

Mwenyekiti alisoma, akitafsiri neno kwa neno. Karatasi ilisema wenye shamba wameomba ruhusa ya kuuza shamba lote.

"Mama, umekubali?"

"Sijakubali. Nusu ni ya shemeji yangu. Hiyo ni yake, auze akitaka, hata mimi sitamzuia, kwa sababu alimtunza mume wangu. Nusu nyingine ni yangu na watoto. Hiyo siuzi. Nimeandika."

Akafungua bahasha, akatoa karatasi yake. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi. Sikuwa nimeiona kabla, wala sikumsaidia kuiandika, na mpaka leo hilo ndilo linalonifanya nivimbe kifua kuliko mengine yote. Ilikuwa na mistari michache ya Kiswahili, herufi kubwa na ndogo zikichanganyika, ikisema hayo hayo aliyoyasema kwa mdomo, na chini yake jina lake moja, na Y.

Mwenyekiti aliisoma mpaka mwisho. Akaweka kidole kwenye sahihi.

"Jina nimelielewa. Na hii Y?"

"Ni kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Mfalme wa Uingereza alikuwa anaandika jina lake, halafu R, kuonyesha kazi yake. Malkia pia anaandika hivyo. Mimi kazi yangu ni yeyo. Kwa hiyo nimeandika Y."

Kijana yule hakuwa Mmaasai, akageuka kutafuta msaada. Mzee mmoja wa bodi, mwenye masikio marefu na fimbo kati ya magoti, akamweleza kwa Kiswahili chake cha pole pole: "Yeyo ni mama. Anasema yeye anatia sahihi kama mama, vile mfalme anatia sahihi kama mfalme." Kisha akamgeukia mama na kusema kwa Kimaa, ili sisi tu tusikie, "Na umeandika kweli."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kicheko, nimekaza meno, na hakikuja. Mwenyekiti alimwuliza baba mkubwa kama ana la kusema.

Baba mkubwa alikuwa akiiangalia ile karatasi ya mama juu ya meza. Hakuweza kuisoma, lakini aliiangalia. Nilitegemea angekasirika, mtu wa pikapu nyuma yake alikuwa tayari anamnong'oneza. Alimwondoa kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Igawanywe," alisema. "Nusu kwa nusu. Alichosema mke wa ndugu yangu ni haki."

Mwenyekiti akakataa ombi la kwanza, akawaambia waanze utaratibu wa kugawa. Karani alipoleta karatasi ya kuthibitisha, alikileta kikasha cha wino kwa baba mkubwa na kalamu kwa mama. Mama alitia sahihi bila haraka. Alipofika kwenye mkia wa Y aliuvuta mrefu mpaka ukingo wa karatasi, na karani akaisogeza kidogo asije akaandika mezani.

Nje, rafiki yake yule wa Kikamba alikuwa amekuja peke yake kutoka Kitengela, kwa sababu tu alitaka kuona, na alikuta tumeshatoka. "Imekuwaje?" akapiga kelele kutoka kwenye lango. Mama alianza kuimba. Mwanamke wa makamo, mbele ya ofisi ya serikali, akaanza kuimba ule wimbo ambao wanawake wetu humpokelea mtu aliyerudi na ng'ombe, na wanawake waliokuwa wamekaa kando ya waume zao wakainua nyuso, na wawili watatu wakamwitikia.

Mpimaji alikuja baada ya miezi kadhaa, bikoni za mpaka zikawekwa. Baba mkubwa aliuza upande wake na kuhamia Illasit, na kwa miaka mingi nusu ile ilikuwa mabati, mawe, na nyumba za wapangaji, na yetu ilibaki majani. Jioni ungeweza kusimama kwenye mpaka na kusikia redio za watu upande mmoja na kengele za ng'ombe upande mwingine. Wapo waliomwambia mama kwamba alikuwa mjinga. Ukame wa miaka ya elfu mbili ulipokuja, ulimlia ng'ombe karibu wote, na waliosema hivyo wakarudi kusema tena. Aliwapa chai. Baadaye alikodisha sehemu kwa mtu wa kuku, akajenga vyumba vichache kando ya barabara kwa mpango wake mwenyewe, na kila mkataba aliusoma kwanza, akauelewa, ndipo akatia sahihi. Hivyo ndivyo nilivyosoma chuo cha ualimu. Hivyo ndivyo wadogo zangu walivyosoma.

Alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa shule ya msingi. Mwalimu mkuu alilalamika kwa utani kwamba barua za kamati sasa zinachelewa kwa sababu mwenyekiti anasoma kila neno. Mama alimjibu kwamba aandike barua fupi.

Baba mkubwa alikuwa akituma nyanya na vitunguu, sanduku zima kila msimu, na kila alipokuja kututembelea alikaa na mama nje wakizungumza mpaka kiza. Safari moja alikuja na mke wake. Alimwambia mama, huku akitazama pembeni, "Mwonyeshe huyu kalamu. Huko Illasit tunapanga kununua kipande kingine, na nataka jina lake liingie, aliandike yeye." Mke wake alikaa nasi mwezi mzima. Alikuwa mzito wa kujifunza na mwepesi wa kucheka, na aliondoka akiwa na sahihi ambayo ilichukua nusu ya ukurasa.

Nilipoolewa, kanisani Kajiado, mchungaji aliweka cheti mezani baada ya viapo na kuwaita mashahidi. Upande wangu, kwa desturi, aliyepaswa kusimama mahali pa baba alikuwa baba mkubwa. Alikuja mbele na koti lake, mzee sasa, akitembea taratibu. Alifika mezani, akageuka, akamwita mama kwa mkono.

"Lakini mzee, wewe ndiye unasimama kwa baba," mchungaji alimwambia.

"Nimesimama," alisema. "Anayeandika ni huyu."

Mama alikuja. Alivaa miwani, akaketi kwenye kiti cha mchungaji bila kuombwa, na akaanza kusoma cheti tangu juu. Wageni walikuwa na njaa, wapishi nje walikuwa wakigonga sufuria kutukumbusha, mume wangu alikuwa akinikanyaga mguu tusicheke. Alisoma jina langu. Alisoma la mume wangu. Alisoma hata jina la mpiga chapa pale chini. Kisha akamwomba baba mkubwa amshikie karatasi isitelezeteleze, naye baba mkubwa akaweka viganja vyake viwili juu ya meza, kimoja kila upande, akaibana vizuri, na mama akaandika.